Rafiki wa stelingi analala wapi?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Tangu likizo ianze, mimi na mwanangu wa miaka tisa tunatazama kwenye simu vipindi vya zamani vya Kimarekani, vile ambavyo marehemu baba alivipenda alipokuwa akisoma Nairobi. Juzi, katikati ya The Lone Ranger, mtoto akaniuliza: "Mama, huyu Tonto kwao wapi? Mbona haendi nyumbani?" Nilikosa jibu. Naomba unieleze hawa marafiki wa stelingi waliwekwa kwa kazi gani, kama ni kweli jina la Uhura limetoka kwetu, na kama ungeambiwa umtaje mmoja aliyesahauliwa kuliko wote, ungemtaja nani? (Msomaji wa Tanga)

Marahaba, dada yangu. Kwanza nimpe mwanao haki yake: swali lake linayapita mengi niliyoulizwa na watu wazima darasani. Nimefundisha uandishi wa tamthilia kwa miaka mingi, na kipimo ninachokitumia kwa mhusika wa pembeni ni hichohicho cha kwake, ila mimi nilikifikia kwa kuzunguka sana. Ukitaka kujua mwandishi anamthamini mhusika wake kwa kiasi gani, usihesabu maneno aliyopewa. Uliza analala wapi.

Sisi tuliokulia Bara, ambako televisheni haikufika mpaka 1994, vipindi hivi tulivikuta vimeshazeeka, kwenye mikanda iliyonakiliwa mpaka sura za watu zimekuwa ukungu. Lakini sheria zake tulizijua, kwa sababu zilikuwa zilezile za vibanda umiza: stelingi hafi, adui mkubwa hafi mapema, na rafiki wa stelingi muage mapema, maana huenda akauawa ili stelingi apandwe na hasira. Katika kibanda nilichokizoea, msimuliaji alikuwa na tabia moja ambayo wakati ule niliiona ni utani tu. Kila alipotokea rafiki wa stelingi, alimpa ukoo. "Huyu mtoto wa shangazi yake, kashuka jana na treni kutoka Kilosa, hata chai hajanywa." Watu walivunjika mbavu. Leo naona yule bwana alikuwa akiziba pengo ambalo waandishi wa Hollywood waliliacha wazi.

Sasa tuje kwa Tonto. Yeye hakuzaliwa kwenye televisheni. Alizaliwa redioni, katika kituo cha WXYZ cha Detroit, mwaka 1933. Kipindi kilipoanza Januari mwaka huo, mpanda farasi mwenye kinyago alikuwa peke yake kweli, kama jina lake la "Lone" linavyosema. Tatizo likajitokeza upesi. Redio haina macho. Mtu akiwa nyikani yeye na farasi wake, msikilizaji atajuaje anaona nini, anawaza nini, anakwenda wapi? Aseme peke yake kama aliyepagawa? Baada ya vipindi kumi hivi akaletwa Tonto, Mmarekani wa asili, ili awepo mtu wa kusemeshwa. Hiyo ndiyo kazi aliyoajiriwa: kuwa sikio. Kufuata nyayo, kutibu majeraha na kupigana vilikuja baadaye. Aliyemwigiza kwa karibu miaka yote hiyo ya redio alikuwa John Todd, Mzungu, na kwa kuwa hakuna aliyemwona, hakuna aliyelalamika.

Mwaka 1949 kipindi kikahamia televisheni ya ABC, kikaendelea mpaka 1957, jumla ya sehemu 221. Sasa mtazamaji ana macho yake mwenyewe. Anaiona nyika, anawaona majambazi nyuma ya jabali, hahitaji kuelezwa. Lakini sikio lilisharithiwa pamoja na vyombo vingine vya nyumba, na likabidi litafutiwe shughuli. Ndiyo maana, ukitazama kwa makini, Tonto hutumwa mno. Bwana mwenye kinyago hawezi kuingia mjini bila kuzua taharuki, basi Tonto ndiye anayekwenda dukani, kwenye baa, kwa sherifu, kusikiliza watu wanasema nini. Na huko mjini mara nyingi anaishia kupigwa au kutiwa ndani kwa kosa lisilo lake. Mwanao akitaka mchezo wa kuhesabu, ahesabu hilo.

Aliyemwigiza kwenye televisheni anaitwa Jay Silverheels, na hapa naomba niende taratibu. Alizaliwa 1912 kwenye ardhi ya Six Nations, Ontario, Kanada, Mmohawk kwa kabila, akaitwa Harold Smith. Jina la Silverheels, yaani visigino vya fedha, alilipata kwenye lacrosse, mchezo wa watu wake wa kukimbizana na mpira kwa fimbo zenye wavu. Alikuwa mkimbiaji hatari, na ngumi pia alizijua. Tazama anavyoruka juu ya farasi: hapo hapana ujanja wa kamera, huyo ni mwanamichezo. Mtu huyu alizungumza Kiingereza kama unavyozungumza wewe Kiswahili, lakini mbele ya kamera aliandikiwa maneno ya kuvunjikavunjika. Sisi tunaoijua Kisetla, ile lugha ya "wewe kwenda leta maji upesi", tunaelewa mara moja. Tofauti ni kwamba Kisetla kilisemwa na bwana aliyekataa kujifunza lugha ya mtumishi. Huku mwandishi alimlazimisha mtumishi aivunje lugha aliyokwisha kuijua.

Na kuna jambo ambalo watu wengi hawalitambui. Stelingi alibadilishwa, Tonto hakubadilishwa. Kwa sehemu 52 Clayton Moore, aliyemcheza Ranger, hakuwepo, kinyago kikavaliwa na John Hart, kisha Moore akarudi. Watayarishaji waliona kinyago ni kinyago, nani atajua? Uso wa Silverheels hauna kinyago. Na alipougua moyo katikati ya kazi, hawakuthubutu kumwacha Ranger apande peke yake. Akaletwa Dan, mtoto wa kaka yake Ranger, akae mahali pa sikio mpaka mwenyewe apone.

Kwa hiyo, kwao ni wapi? Mjibu mtoto hivi, na ni ukweli wa kipindi chenyewe: katika sehemu ya kwanza kabisa Tonto anaeleza, kwa sentensi chache tu, kwamba alipokuwa kijana watu wake walivamiwa wakauawa, yeye akaachwa akidhaniwa amekufa, na kijana Reid, ndiye Lone Ranger wa baadaye, akamwokota akamuuguza. Basi. Mama, dada zake na kijiji kizima vinafutwa kabla farasi hajamaliza kunywa maji, na mwandishi anapata anachokitaka: mtu asiye na pa kurudi. Hana mji wa kumdai, hana mke wa kumuuliza anarudi lini, hana mzee wa kumwambia acha mambo ya watu. Analala pale moto unapowashwa. Hata neno lake maarufu, kemosabe, ambalo kipindi kinalifasiri kuwa ni rafiki mwaminifu, halikutoka kijijini kwake. Lilitoka kwenye kambi ya likizo ya wavulana huko Michigan, iliyokuwa ya baba mkwe wa mwongozaji wa redio, Jim Jewell. Ona mambo: hata lugha alipewa ya kuazima.

Lakini mtoto asisahau kwamba ni Tonto aliyempa yule bwana jina. Wenzake wote wamekufa, Tonto anamtazama na kumwambia yeye ndiye aliyebaki peke yake, Lone Ranger. Jina likamkaa. Kwa zaidi ya sehemu mia mbili mtu akaitwa mpweke huku mwenzake amekaa kando yake anakoroga kahawa.

Wala si Wamarekani walioanza. Nasi tunaye paa. Unamkumbuka yule maskini aliyekuwa akichakura jaani akaokota thumuni, akanunua paa, na paa akaenda kwa Sultani kumchumbia binti, akamzulia bwana wake jina kubwa, akamuua nyoka akampa nyumba? Kisha paa akaugua, na yule bwana akaagiza apewe uji wa mtama. Bibi zetu walipofika hapo walinyamaza kidogo, na sisi watoto tulilia kwa ajili ya paa. Hakuna aliyemlilia maskini alipoamka tena jaani. Hadithi ya pwani inajua nani kafanya kazi. Televisheni ya miaka ya hamsini ilijua pia, ila haikuwa na ujasiri wa kumwadhibu bwana.

Mrithi halali wa Tonto ni Kato. Nasema mrithi kwa maana kamili, kwa sababu The Green Hornet ilitoka kituo kilekile cha Detroit, 1936, na stelingi wake, Britt Reid, ni mtoto wa yule Dan niliyemtaja. Kwa hesabu yetu ya ukoo ni mjukuu wa Lone Ranger kabisa. Babu alikuwa na Tonto, mjukuu ana Kato. Farasi amekuwa gari jeusi, nyika imekuwa jiji, na msaidizi amepata paa juu ya kichwa: analala nyumbani kwa bwana wake, mchana akiwa mtumishi wa ndani, usiku dereva na mpiganaji. Ana jina moja tu, kama paka wa nyumbani.

Kipindi kilipofika televisheni, ABC, 1966, Kato akachezwa na kijana wa miaka 25 aitwaye Bruce Lee. Huyu hahitaji utambulisho kwetu. Mabango yake yalibandikwa vinyozi vya pwani nzima. Lakini wengi waliomjua kwa sinema za baadaye hawajui kwamba aliingia televisheni ya Marekani kwa mlango wa rafiki wa stelingi, tena kwa sehemu 26 tu, kabla kipindi hakijafutwa 1967. Alipiga kwa kasi ambayo kamera haikuinasa, akaombwa apunguze. Van Williams alikuwa stelingi na anaongea karibu muda wote. Kato anasema kidogo, lakini jicho la mtazamaji linamfuata. Huko Hong Kong watu walikiita kipindi hicho kwa jina la Kato. Na Lee alipofariki 1973, mwaka uliofuata sehemu kadhaa zikaunganishwa kuwa sinema na kuuzwa kwa jina lake yeye, dereva.

Kuna sehemu mbili za Batman za Machi 1967 ambamo Kato anapambana na Robin, rafiki wa stelingi kwa rafiki wa stelingi. Inasimuliwa kwamba kwenye maandishi ya kwanza Robin alitakiwa kushinda, Bruce Lee akakataa. Pambano linaisha sare. Mtafutie mwanao, atafurahi.

Sasa usidhani kila rafiki wa stelingi alisahauliwa. Kipindi cha The Andy Griffith Show, CBS, 1960 hadi 1968, kilikuwa na naibu wa sherifu anayeitwa Barney Fife, mwembamba kama fito, mwenye ruhusa ya kubeba risasi moja tu, na hiyo yenyewe aiweke mfuko wa shati. Don Knotts alimwigiza vizuri hivi kwamba Andy Griffith, aliyepangwa awe ndiye mchekeshaji, alirudi nyuma mwenyewe akawa mtu wa kumpa Knotts nafasi. Knotts alichukua tuzo tano za televisheni za Emmy kwa Barney, mbili kati ya hizo baada ya kuondoka, aliporudi kama mgeni. Na analala wapi Barney? Tunajua vizuri sana: amepanga chumba kwa bibi mmoja mwenye nyumba, na ana mchumba, Thelma Lou. Katika Gunsmoke, Dennis Weaver alimcheza Chester, msaidizi wa afisa wa sheria wa Dodge City. Ili ieleweke kwa nini mtu mzima wa mji ule hatembei na bastola kiunoni, Weaver akamtengenezea mguu mkavu, akachechemea kwa miaka tisa, mpaka 1964. Naye alipata Emmy yake, 1959.

Unaona kinachowatenganisha na Tonto na Kato? Fife na Chester waliruhusiwa kuwa wajinga. Waliruhusiwa kuogopa, kudanganya, kujisifu, kupenda, kukosea nauli. Mtu akikosea mbele yetu tunamjua, tunamwita kwa jina. Tonto hakosei, hacheki, hachoki. Amewekwa kwenye rafu kama chombo cha wageni. Waandishi wengi wa zama zile walidhani wanampa heshima mtu asiye Mzungu kwa kumnyima upumbavu, na wengine walimpa upumbavu mtupu wakamnyima vingine vyote. Katikati hapo ndipo binadamu wanapoishi, na nafasi hiyo ilikuwa finyu.

Uhura aliipanua kidogo. Ndiyo, jina ni letu, ila limepita kwa fundi. Star Trek, tamthilia ya mabaharia wa anga ambamo Uhura ni afisa wa mawasiliano, ilianza NBC Septemba 1966, ikaisha 1969 baada ya sehemu 79. Nichelle Nichols, aliyemcheza Uhura, alisimulia mara nyingi kwamba siku ya kujaribiwa alikuwa na kitabu mkononi chenye jina la Uhuru, neno ambalo Kenya ilikuwa imelipeperusha miaka michache tu kabla, na Gene Roddenberry, mwasisi wa kipindi, alivutiwa nalo. Wakaling'ata mwisho likawa Uhura, ili lisikike la kike. Kwetu jina halibadiliki jinsia kwa kubadilishwa irabu, na "uhura" halina maana yoyote. Nimewahi kusikia bibi mmoja akiuliza ni ugonjwa gani huo. Lakini kuna bahati nzuri ndani yake: neno letu "huru" limetoka Kiarabu, na katika Kiarabu mwanamke huru ni hurra. Sidhani Roddenberry alikuwa na habari hiyo.

Kiswahili hakikuishia kwenye jina. Katika sehemu ya kwanza kurushwa, kiumbe kinachojigeuza sura kinamtokea Uhura katika umbo la mwanamume mweusi na kumsemesha Kiswahili. Na katika sehemu ya 1967 ambapo mashine inamfuta kumbukumbu zote, akifundishwa kusoma upya kwa Kiingereza, anapokwama anakimbilia Kiswahili. Lafudhi usiniulize. Lakini fikiria: mwaka 1967, mamilioni ya Wamarekani wamekaa sebuleni, na lugha inayobaki kwa mtu wa karne ya 23 akisahau kila kitu ni hii tunayoandikiana.

Kikazi, Uhura ni sikio kwa maana yenyewe. Ana kifaa sikioni, anapokea simu za anga lote, anamgeukia kapteni kumwambia kuna mtu anaita. Kwa hiyo Tonto amepata cheo na kiti, na kidogo kimebadilika. Nichols alichoka. Baada ya msimu wa kwanza alitaka kuacha arudi jukwaani, na kwa masimulizi yake mwenyewe aliyemzuia ni Dk. Martin Luther King, waliyekutana kwenye shughuli ya NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, akajitambulisha kuwa mtazamaji wake na kumsihi abaki. Akabaki. Kuanzia 1977 alifanya kazi na NASA ya kuwashawishi wanawake na watu weusi waombe kazi ya uanaanga, na kundi lililochaguliwa 1978 ndilo lililoingiza wanawake wa kwanza na weusi wa kwanza wa NASA.

Na chumba chake? Tunakiona, Novemba 1968, akiwa amevaa nguo za nyumbani mbele ya kioo. Mwezi mmoja baadaye chumba hicho kinatajwa tena: amekitoa kwa mgeni, binti mfalme mkorofi wa sayari nyingine ambaye kapteni hana pa kumlaza. Niliposhika kipimo changu nikafika hapo nilicheka peke yangu. Miaka miwili bila kujua mtu analala wapi, na tulipojua, akahamishwa. Jina la kwanza nalo alilisubiri mpaka sinema ya 2009 ndipo likatamkwa kwenye kioo: Nyota. Hilo halikuhitaji fundi.

Nitampita haraka Barney Collier wa Mission: Impossible, tamthilia ya majasusi, si kwa kumdharau. Greg Morris alimcheza misimu yote saba, 1966 hadi 1973, wakati stelingi mwenyewe alibadilishwa baada ya msimu wa kwanza. Yeye ni mhandisi, mtu wa chini ya sakafu. Wenzake wako ukumbini wamevaa suti wanawalaghai madikteta. Barney yuko kwenye bomba la hewa na bisibisi, akitoboa ukuta. Asipofanikiwa, wote wamekwisha. Mtu mweusi ndiye mwenye akili ya mitambo na hakuna anayelitolea hotuba. Kipindi kilipofufuliwa 1988, kijana wa Barney alichezwa na Phil Morris, mtoto wa Greg kweli. Huyo angalau alipata kizazi.

Swali lako la mwisho: nimtaje mmoja. Namtaja Mike Makula.

Pengine hujawahi kumsikia, na hiyo ndiyo hoja yangu. Daktari ilikuwa tamthilia ya CBS, 1966 hadi 1969, sehemu 89, na jina lake ni hilohilo la Kiswahili, kila wiki, kwa herufi kubwa kwenye televisheni za Marekani. Inamhusu daktari wa wanyama, Marsh Tracy, Mmarekani anayeishi Afrika Mashariki na binti yake Paula kwenye kituo cha utafiti kinachoitwa Wameru. Wazo lilitokana na kazi ya daktari wa wanyama halisi, A. M. Harthoorn, na mkewe Sue, waliofanya kazi Kenya. Mtayarishaji alikuwa Ivan Tors. Picha zenyewe zilipigwa California, kwenye shamba la wanyama lililoitwa Africa USA, kaskazini ya Los Angeles, kwa hiyo ukiona milima usijaribu kuitafuta Nanyuki. Kulikuwa na simba mwenye makengeza, Clarence, na sokwe mtu aitwaye Judy. Clarence alianza na sinema yake mwenyewe mwaka 1965. Tamthilia ilizaliwa kutokana na simba.

Mike ndiye Mwafrika wa kituo hicho. Jina lake la pili, kwa sikio la Mswahili, linanukia jikoni, lakini yeye si mpishi wala mbeba mizigo, na kwa wakati ule hilo si dogo. Ana elimu, anazungumza Kiingereza kilichonyooka, amevaa kama wenzake, anafanya kazi bega kwa bega na daktari. Hakuna "bwana mkubwa" hapa. Aliyemcheza, Hari Rhodes, alikuwa mtu wa Cincinnati, Ohio, mwanajeshi wa zamani wa kikosi cha Marines, na alikuwa amekwisha kuchapisha riwaya kuhusu askari weusi wa kikosi hicho kabla Daktari haijaanza. Mtazame anavyosimama: ana utulivu wa mtu ambaye hahitaji kuthibitisha kitu.

Sasa weka kipimo cha mwanao. Tonto kwao kulivamiwa. Kato yuko ughaibuni. Uhura yuko angani. Kila mmoja ana kisingizio. Mike peke yake, katika hawa wanne, yuko nyumbani. Hadithi nzima imewekwa kwao, chini ya jina la lugha ya kwao, kwenye kituo chenye jina la kabila la kwao, na bado yeye ndiye msaidizi. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huku mgeni amekuja na sindano, mwenyeji ameshikishwa simba. Maisha ya nyumbani ni ya Marsh na Paula: meza, chakula, ugomvi wa baba na binti. Kilicho nje ya uzio, vijiji, shule, masoko ya nchi ambayo lazima ilikuwa na bendera mpya kabisa miaka hiyo, ni mandhari tu ya kupitishia jeep. Mama yake Mike angeweza kuwa umbali wa saa moja kwa miguu.

Watu wa umri wa marehemu baba yako huko Marekani, ukiwatajia Daktari, wanamkumbuka simba. Wanakuonyesha na macho yalivyokuwa. Ukiwauliza jina la yule Mwafrika wanakuna kichwa. Na Rhodes hakuwa mwigizaji wa kupotea: mwaka huohuo Daktari ilipoisha alipewa nafasi ya mbele, mwanasheria wa serikali, kwenye The Bold Ones akiwa na Leslie Nielsen. Haikupita msimu mmoja. Alifariki 1992.

Kwa hiyo likizo iliyobaki ningewashauri hivi. Tafuteni Daktari hata sehemu mbili, mkamtazame Mike tu, hata anapokuwa nyuma ya simba. Kisha mrudi kwenye sehemu ya kwanza kabisa ya The Lone Ranger, ile ya Septemba 1949. Walinzi sita, yaani ma-ranger, wanaviziwa bondeni, watano wanakufa, mmoja anapona. Ili majambazi waamini wamewamaliza wote, makaburi yanachimbwa sita. Mwambie mwanao ayahesabu mwenyewe, halafu mwulize ni mikono ya nani iliyochimba.